Taa zote za tablo zikiwaka pamoja

Mvua imenyesha usiku kucha. Asubuhi baba anafungua kontakti aende posti, na taa ya ABS, ya airbag, ya usukani, zote zinawaka mara moja. Garajini wanamwambia: kalkilateri zimekufa, leta feza. Ni mushahara wa mwezi muzima huo!

Ngoja kwanza. Vitu vitatu kufa siku moja ni jambo la nadra. Motokari za siku hizi zina kalkilateri nyingi, na zinaongea kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja, mutandao unaoitwa CAN, ambao kampuni Bosch ilitangaza mwaka 1986. Vumbi na maji ya kuosha kwa presha vikiingia mu fishi, kutu inashika, kalkilateri hazisikilizani tena, na kila moja inawasha taa yake.

Tunaomba fundi apime mbele ya kuuzisha kitu. Batri kwanza, maana ikichoka inawasha taa za uongo. Kisha aichomoe, aweke multimetri kwenye prizi ya OBD, tundu la 6 na la 14. Kwa motokari nyingi itaonyesha ohm 60, sababu kila mwisho wa waya kuna rezistansi ya 120. Ikionyesha 120, upande mumoja umekatika. Karibu na 0, waya zimegusana.

Taa isiyowaka kabisa ndiyo tunaogopa zaidi. Ukinunua motokari, fungua kontakti: ya airbag iwake kidogo, kisha izime. Isipowaka, pengine muuzaji ameitoa.