Damu Igandapo Mahali Pawili

Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Amri ya kila pigo hutoka katika kifundo kidogo kilichomo kwenye chumba cha juu upande wa kulia, ambacho Arthur Keith na Martin Flack wa Uingereza walikieleza mwaka 1907. Umeme wake huenea katika vyumba viwili vya juu, kisha hushuka hadi vyumba vya chini vinavyosukuma damu.

Utaratibu huo unaweza kuvurugika. Badala ya amri moja, mikondo mingi huzunguka ovyo katika vyumba vya juu, mara 350 hadi 600 kwa dakika. Vyumba hivyo havikazi tena, bali hutetemeka tu. Kwa bahati njema, njia ya umeme iendayo chini hupitisha sehemu tu ya mikondo hiyo. Hata hivyo, mara nyingi mapigo huzidi 100 na hayana mpango.

Mtetemo huu ukimpata mtu ambaye mshipa wa kulisha moyo wake umeziba ghafla, hatari huongezeka. Sababu yake ni rahisi, ingawa husahauliwa: msuli wa chumba cha chini cha kushoto hupata damu yake nyingi unapolegea, wala si unapokaza. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea ndio unaopungua zaidi. Hivyo msuli uliokwisha kukosa damu huzidi kunyimwa, na huku kazi yake imeongezeka.

Lakini tatizo gumu zaidi limo katika matibabu. Donge linaloziba mshipa wa moyo huanza pale utando wa mafuta uliomo ndani yake unapopasuka; chembe sahani za damu hukimbilia hapo na kushikamana. Donge la pili huweza kutokea katika kijifuko cha chumba cha juu cha kushoto, ambamo damu imetuama kama maji ya dimbwi. Hilo hufumwa hasa kwa nyuzi za fibrini, na likifika ubongoni huleta kiharusi. Aspirini na klopidogreli huzuia chembe sahani. Warfarini na apiksabani hupunguza nyuzi. Kundi moja haliwezi kushika barabara nafasi ya jingine.

Kwa miaka mingi madaktari walitoa dawa tatu pamoja, na wagonjwa wengi wakatokwa damu. Utafiti wa AUGUSTUS, uliotangazwa mwaka 2019, uliwafuata wagonjwa 4,614 kwa miezi 6, wote wakitumia klopidogreli au dawa ya jamii yake. Waliotokwa damu kwa kiasi cha kuhitaji kushughulikiwa walikuwa 16.1 kwa mia miongoni mwa waliopewa aspirini, na 9.0 kwa mia miongoni mwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Apiksabani nayo ilisababisha utokaji damu mchache kuliko warfarini.

Kwa hiyo siku hizi aspirini huachwa mapema, kwa wengi baada ya wiki moja hivi. Klopidogreli huendelea kwa miezi 6 hadi 12, na dawa ya kuzuia nyuzi hubaki peke yake baada ya hapo.