Somo Nyumbani, Zoezi Darasani

Mwezi Februari 2025 Serikali ya Sudani Kusini iliamuru shule zote zifungwe kwa muda wa wiki mbili, kwa kuwa wanafunzi mjini Juba walikuwa wakizimia kwa ukali wa joto. Mwezi Machi 2024 shule zilikuwa zimefungwa kwa sababu hiyo hiyo. Na kabla ya hapo, mwaka 2020, zilifungwa kutokana na ugonjwa wa korona, na madarasa mengi hayakufunguliwa hadi Mei 2021. Swali linalozuka ni hili: mlango wa darasa ukifungwa, je, elimu nayo ifungwe?

Mojawapo ya majibu ni mtindo wa kufundisha uitwao darasa lililogeuzwa. Kwa desturi, mwalimu hueleza somo darasani, na mwanafunzi huenda kupambana na mazoezi nyumbani peke yake. Katika mtindo huu mambo hayo hubadilishana nafasi. Mwanafunzi husoma au husikiliza maelezo kabla ya kufika shuleni, na saa za darasani hutumika kwa mazoezi, maswali na majadiliano mbele ya mwalimu. Mtindo huo ulivuma baada ya mwaka 2007, pale walimu wawili wa kemia nchini Marekani, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, wa mji wa Woodland Park, Colorado, walipoanza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokosa vipindi.

Ni dhahiri kwamba Juba si Colorado. Umeme ni wa shida, na intaneti ni ghali kwa mzazi wa kawaida. Kwa hiyo vyombo vya kufundishia hapana budi vichaguliwe kwa kadiri ya mazingira.

Chombo cha kwanza ni redio, na Sudani Kusini haianzi leo. Kuanzia mwaka 2004, kwa msaada wa Marekani, yalitayarishwa masomo ya redio ya nusu saa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Sauti ya redioni ilinyamaza kwa makusudi ili watoto wajibu, na mwalimu aliongoza kazi kwa kufuata kitabu cha mwongozo. Mahali ambapo mawimbi hayakufika, masomo hayo yalipelekwa yakiwa yamerekodiwa.

Nchini Tanzania, kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwafikia watu wapatao milioni 2. Walisikiliza redio katika vikundi, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha mazingira. Fundisho lake ni kwamba sauti peke yake haitoshi. Huzaa matunda inapofuatwa na maandishi, mazungumzo na vitendo.

Chombo cha pili ni simu ya mkononi. Mwalimu aweza kurekodi maelezo ya dakika chache, akayagawa kwa kadi ya kumbukumbu kutoka simu hadi simu bila kutumia intaneti. Shule yenye kompyuta moja yaweza kutumia programu ya Kolibri, ambayo huhifadhi masomo ndani ya kompyuta na kuyatoa kwa vyombo vingine vilivyo karibu hata pasipo mtandao. Na pasipokuwapo hata kimoja cha vyombo hivyo, kurasa mbili za kitabu cha kiada pamoja na swali moja lililoandikwa ubaoni zatosha kuanzia.

Hata hivyo, mtindo huu una hatari yake. Mtoto ambaye kwao hamna redio wala simu ataachwa nyuma, na msichana anayeteka maji na kulea wadogo zake hatapata nafasi ya kusikiliza. Hivyo inafaa wanafunzi wa mtaa mmoja wapangwe katika vikundi, chombo kimoja kihudumie wengi, na wazazi waelezwe kwamba nusu saa hiyo ni ya shule. Mwalimu naye aanze kila kipindi kwa swali fupi, apate kumtambua asiyesikia somo na kumsaidia kabla wenzake hawajasonga mbele.

Wala isidhaniwe kwamba vyombo vitachukua mahali pa mwalimu. Mtindo huu humwongezea kazi ya kutayarisha na kusahihisha, na mwalimu asiyelipwa mshahara kwa wakati hawezi kutazamiwa kuibeba. Chombo cha kwanza cha elimu ni mwalimu mwenyewe; akitunzwa, redio na simu zitamfaa, na jua likifunga darasa, masomo yataendelea.