Fahamu: Bodaboda ikibanwa nguvu, dereva anahisi nini?
Bodaboda nyingi za Kampala, kama Bajaj Boxer, hazifiki hata kilowati 10. Ulaya, leseni ya pikipiki ya daraja la A2 inaruhusu hadi 35. Kwa kuwa nguvu ya bodaboda tayari ni ndogo, swali la msingi ni inabanwa wapi. Ukifunga kasi ya juu tu, dereva hahisi tofauti mpaka avute mafuta barabara ikiwa tupu. Ukibana msukumo wa kasi ya chini, pikipiki iliyopakia abiria wawili itachoka kwenye mlima wa Kololo jijini Kampala, hata gia ikirudishwa hadi ya kwanza. Wapo wanaosema nguvu humwokoa dereva anapolipita lori. Ni kweli kwenye barabara kuu kama ya Masaka, lakini katikati ya mji breki humwokoa zaidi. Pikipiki nyingi za umeme zinaonyesha njia: kasi ya juu imefungwa, msukumo upo tangu kasi ya sifuri.