Albumini, Hamali wa Damu

Ini la mtu mzima hutengeneza gramu 10 hadi 15 za albumini kila siku na kuziingiza kwenye damu. Humo ndimo protini hii inamofanyia kazi ya uhamali: hubeba mafuta, homoni, kalsiamu, hata dawa zisizoyeyuka vizuri majini.

Mzigo wake wa hatari zaidi ni bilirubini, taka ya manjano itokanayo na chembe nyekundu zilizochakaa. Ikishikwa na albumini, hufika salama kwenye ini na kutolewa. Ikizidi kuzagaa huru mwilini mwa kichanga, hupenya hadi kwenye ubongo na kuuharibu. Ndiyo maana madaktari huwaepusha watoto wachanga na dawa za salfa: huinyang'anya bilirubini nafasi yake.

Kazi nyingine haionekani mpaka albumini ipungue. Huyavuta maji yabaki ndani ya mishipa. Figo zikiivujisha, au ini likishindwa kuitengeneza, miguu huvimba na tumbo hujaa maji.

Uwezo huo uliwavutia madaktari wa vita. Edwin Cohn, mkemia wa Chuo Kikuu cha Harvard, alibuni njia ya kuitenga albumini kwa alkoholi baridi, na kambi ya wanamaji wa Marekani ya Pearl Harbor iliposhambuliwa Desemba 1941, mabaharia walioungua walikuwa miongoni mwa wa kwanza kutiwa albumini hiyo. Haikuhitaji hata kupimwa kundi la damu.

Lakini funzo kubwa zaidi limetoka Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba mtoto aliyezidiwa na homa, mzunguko wa damu ukidhoofu, aongezewe maji haraka mshipani. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi, uliipima imani hiyo kwa watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wengi wao wakiugua malaria. Wenye kuharisha hawakuingizwa. Matokeo yalitolewa 2011: ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.6 ya waliotiwa albumini haraka, asilimia 10.5 ya waliotiwa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 tu ya wale ambao hawakufanyiwa hivyo. Ni takwimu za kuumiza, na zimewaokoa wengine.

Kwa mgonjwa wa ini lililosinyaa, mambo ni tofauti. Akitolewa zaidi ya lita 5 za maji tumboni, hurudishiwa takriban gramu 8 za albumini kwa kila lita. Nao uhamali wa albumini hutumiwa na semaglutidi, dawa ya kisukari: ina mkia wa mafuta unaojishikiza kwenye albumini, hivyo sindano moja hutosha wiki nzima.