Motisha na Afya ya Akili ya Wanamichezo na Wasio Wanamichezo Wakati wa Janga la Korona: Mfano wa Jiji la Nairobi

Utangulizi
Ni imani iliyokita mizizi katika jamii yetu kwamba mwenye mwili imara hana budi kuwa na nafsi imara. Janga la Korona liliitia imani hiyo mizani. Makala haya yanafafanua jinsi janga hilo lilivyogusa nafsi za wanamichezo na wasio wanamichezo jijini Nairobi, na kuonyesha kuwa kilichowatofautisha watu si nguvu za misuli bali chanzo cha motisha yao.

Usuli
Mgonjwa wa kwanza nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kuanzia tarehe 27 Machi, kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zilipigwa marufuku, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai. Michezo nayo ilisimama. Olimpiki ya Tokyo iliahirishwa kwa mwaka mmoja. Mashindano ya Dunia ya Riadha kwa chipukizi, yaliyokuwa yafanyike Nairobi Julai 2020, yalisogezwa hadi Agosti 2021.

Dhana ya motisha
Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan hutofautisha motisha ya ndani, yaani kutenda jambo kwa kulipenda, na motisha ya nje, yaani kutenda kwa ajili ya tuzo au shinikizo. Kwa mujibu wao, binadamu huhitaji mambo matatu: uhuru wa kujiamulia, hisia kwamba anaweza, na uhusiano na wenzake. Amri za kudhibiti maradhi, ijapokuwa zilikusudiwa kuokoa maisha, ziliyagusa yote matatu.

Hali ya wanamichezo
Tuchukue mfano wa mchezaji wa raga aliyezoea kufanya mazoezi jioni, baada ya kazi, katika viwanja vya Barabara ya Ngong. Mosi, saa zake za mazoezi zilimezwa na kafyu. Pili, alitengwa na wenzake. Tatu, hakujua mechi ijayo ingechezwa lini. Kwa mkimbiaji wa mbio za barabarani hali ilikuwa nzito zaidi, maana zawadi za mashindano ndizo karo ya watoto na kodi ya nyumba. Fauka ya hayo, mwanamichezo aulizwapo yeye ni nani, hujibu kwa mchezo wake. Mchezo ukisimama, jibu nalo hupotea.

Hali ya wasio wanamichezo
Sasa tumtazame karani wa Kangemi aliyefanya kazi katikati ya jiji. Matatu ya abiria 14 iliruhusiwa kubeba 8 tu, nauli ikapanda, naye akaishika Barabara ya Waiyaki kwa miguu. Huenda kutembea huko kulimpa utulivu asioutarajia. Lakini jirani yake aliyefutwa kazi, akipita njia hiyo hiyo kutafuta kibarua, aliuhisi mwendo huo kama adhabu. Ni dhahiri basi kuwa mazoezi peke yake si dawa. Aliyeyachagua huyapata kuwa tulizo. Aliyelazimishwa huyabeba kama mzigo.

Kikwazo cha lugha
Makundi yote mawili yalikabiliwa na kikwazo kimoja: maneno. Mwanamichezo huambiwa ajikaze. Karani huambiwa amshukuru Mungu kwa kuwa hai. Katika mazungumzo ya kila siku, aghalabu ugonjwa wowote wa akili huitwa wazimu au kichaa. Istilahi kama sonona, mfadhaiko na msongo wa mawazo zimebaki vitabuni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Hata hivyo, asiyejua jina la maradhi yake hayafichi; huyaita uvivu, akajilaumu. Hata jopokazi la serikali lililotoa ripoti yake Julai 2020 lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Hitimisho
Kafyu iliondolewa Oktoba 2021, na viwanja vikajaa tena. Funzo lisiondoke pamoja na barakoa. Kocha anayeuliza habari za goti la mchezaji aulize pia habari za usingizi wake, na mwajiri afanye vivyo hivyo kwa karani. Nasi wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili tunao wajibu wa kuzitoa istilahi hizi vitabuni na kuzipeleka viwanjani na ndani ya matatu, ili anayeumia apate neno la kuombea msaada.