Madereva wa Vyama na Askari wa Barabarani: Kwa Nini Kosa Moja Halipati Adhabu Moja

Malalamiko ya madereva juu ya askari wa usalama barabarani si mapya, wala hayasikiki Mafia peke yake. Mwezi Aprili na tena mwezi Mei mwaka 2015 madereva wa mabasi katika miji mingi ya Tanzania waligoma. Hoja zao kubwa zilikuwa mikataba ya ajira na agizo la kurudi masomoni kila wanapohuisha leseni, lakini jinsi walivyotendewa njiani na askari nayo ilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyalalamikia. Kisiwani Mafia barabara kuu ni mbili tu, ile ya lami itokayo Kilindoni hadi Utende, na ile ndefu iendayo kaskazini hadi Bweni. Huku lalamiko husemwa kwa sauti ndogo zaidi, kwa kuwa anayelalamika na anayelalamikiwa hukutana sokoni na msikitini. Hata hivyo maneno ni yale yale: jana taa ya breki isiyowaka iliachiwa kwa onyo, leo imetozwa faini, na kesho gari limelazwa kituoni na magunia ya korosho yakiwa juu yake.

Maelezo haya yanawahusu viongozi wa vyama vya msingi vyenye gari, trekta au pikipiki. Lalamiko la dereva halibaki kwa dereva. Hatimaye huingia katika vitabu vya chama, na mara nyingi huingia kwa jina lisilo lake.

Kwanza yafaa ieleweke tofauti hizo zinatoka wapi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na imerekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Askari akilikuta gari lina kasoro, au dereva amefanya kosa, mbele yake zipo njia zaidi ya moja. Aweza kutoa onyo na kuliruhusu gari liendelee. Aweza kuandika taarifa ya kosa, na dereva akikubali kosa hulipa faini iliyowekwa bila ya kufika mahakamani. Aweza kulipeleka shauri mahakamani. Aweza pia kulizuia gari ikiwa hali yake ni ya hatari. Sheria haikusema kwamba taa moja iliyokufa ni onyo na taa mbili ni faini. Uamuzi huo ameachiwa askari aliyesimama barabarani, na askari ni binadamu mwenye mkuu wake, mwenye zamu yake, na mwenye joto la saa nane mchana.

Zaidi ya hayo, kila kosa hutozwa peke yake. Faini ya gari kwa njia hii ya papo kwa papo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Tuseme gari la chama limesimamishwa likiwa na tairi kipara, taa ya nyuma haiwaki, na bima imekwisha siku nne zilizopita. Askari mmoja ataandika makosa yote matatu, nayo ni shilingi 90,000. Wa pili ataandika bima tu, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kuwa nzito. Wa tatu atatoa onyo kwa yote na kumtaka dereva akakate bima siku hiyo hiyo. Dereva aliyekutana na hao watatu kwa wiki tatu mfululizo atasema kwamba sheria ni ya kubahatisha, na kwa upande wake ana haki ya kusema hivyo. Lakini hakuna hata mmoja kati ya askari hao aliyetoka nje ya yale aliyoruhusiwa.

Mambo mengine huzidisha tofauti hizo. Askari huhamishwa, na anayekuja kutoka bara hukuta desturi za kisiwani ambazo mwenzake alizizoea. Huja pia majuma ya ukaguzi maalumu ambapo makosa yaliyovumiliwa mwaka mzima hukamatwa kwa siku tano, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Na yapo matamko ya viongozi. Alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, kati ya Julai 2018 na Januari 2020, Ndugu Kangi Lugola aliagiza kwamba pikipiki zisirundikwe vituoni isipokuwa zilizohusika katika uhalifu au ajali, au zisizo na mwenyewe. Waendesha bodaboda walilipokea agizo hilo kwa furaha na baadhi yao wakaanza kulitaja mbele ya askari kana kwamba ni kifungu cha sheria. Tamko la waziri ni maelekezo kwa watendaji wake, na uzito wake hutegemea aliyeko madarakani. Kanuni iliyopitishwa kwa utaratibu ni jambo jingine. Mfano ni bajeti ya mwaka 2021/22, iliyoshusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa. Hiyo dereva aweza kuisimamia popote, awe amesimamishwa Kirongwe au Kibiti.

Sasa lipo lile ambalo si uamuzi bali ni rushwa. Hapa ndipo vyama vinapoumia bila ya kujua. Fedha inayodaiwa bila ya kosa kuandikwa, iwe imeitwa chai, soda au kitu kidogo, si faini. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhesabu mtoaji kuwa mkosaji sawa na mpokeaji. Basi dereva aliyetoa shilingi 5,000 ili asiandikiwe 30,000 hakukiokolea chama chake shilingi 25,000. Amekifanya chama kilipie kosa la jinai, na hana karatasi ya kumtetea.

Linalofuata linafahamika kwa yeyote aliyewahi kukagua vitabu vya vyama vya msingi. Dereva hupewa masurufu ya safari, hurudi na stakabadhi ya mafuta, na zinabaki shilingi elfu kumi na mbili ambazo hazina maelezo. Akisema kweli, atakuwa amekiri kosa. Akinyamaza, ataonekana mwizi. Katibu mwenye huruma ataandika "gharama nyingine za njiani" na mambo yatapita, mpaka mkaguzi wa COASCO aje aulize gharama hizo ni zipi na stakabadhi zake ziko wapi. Katibu asiye na huruma atazikata katika mshahara wa dereva. Jambo la pili halijanyooka kuliko la kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara kwa kupenda kwake tu, pasipo sheria, amri au makubaliano ya maandishi.

Hapana budi swali liulizwe bila ya kuoneana haya: ni nani aliyemtoa dereva huyo barabarani na gari la namna hiyo? Tairi kipara si kosa la dereva wakati ameomba tairi tangu kabla ya msimu na Bodi ikajibu kwamba zisubiri malipo ya korosho. Bima iliyokwisha si kosa lake ikiwa kadi ya gari na hati za bima zimefungiwa katika kabati la ofisi na ufunguo anao mweka hazina. Magunia yaliyozidi uwezo wa gari, pamoja na wapagazi wanne waliokaa juu yake, mara nyingi yamepakiwa mbele ya macho ya katibu mwenyewe, naye ndiye aliyesema "twende, mwendo ni mfupi". Gari la namna hiyo likifika kwenye kizuizi, dereva hana haki ya kudai. Anachoweza ni kuomba huruma, na huruma haina mizani. Leo atapewa, kesho atanyimwa, na kesho kutwa atauziwa. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa uonevu wa trafiki huanzia ghalani, kabla gari halijawashwa.

Kwa hiyo ni busara Bodi itenganishe mapema, kwa muhtasari wa kikao, makosa ya chombo na makosa ya uendeshaji. Kasoro za gari, bima, na mzigo uliopakiwa kwa amri ya ofisi ni za chama, na faini yake hulipwa na chama kwa hati ya malipo kama gharama nyingine yoyote. Mwendo wa kupita kiasi, simu mkononi wakati wa kuendesha, au leseni ya dereva iliyokwisha muda wake ni vya dereva. Lakini haimaanishi kwamba kila faini ya mwendo ni ya kunyamaziwa. Sheria imeweka kilomita 50 kwa saa mahali penye makazi, na vijiji vya pwani havina mipaka inayoonekana. Nyumba huanza kidogo kidogo kati ya minazi, na kama kibao kimeanguka, dereva na askari wanaweza kutofautiana kwa nia njema kabisa.

Dereva aliyetofautiana na askari halazimiki kukubali kosa. Njia ya faini ya papo kwa papo imewekwa kwa yule anayekubali. Asiyekubali ana haki ya kusikilizwa na mahakama. Haki hiyo ni ya kweli, ila ina gharama, na ni vema gharama hiyo itajwe waziwazi. Gari la chama cha Mafia lililovuka hadi Nyamisati kisha likaandikiwa kosa Mkuranga litamtaka dereva wake arudi ng'ambo siku ya shauri, apoteze siku mbili au tatu, alipe nauli ya chombo na malazi, yote kwa kupinga shilingi 30,000. Ndiyo maana madereva wengi hulipa faini wasiyoiamini. Kwa kosa lililoandikiwa Kilindoni hesabu ni nyingine, na chama chenye dereva mwenye hoja nzuri hakina sababu ya kumwacha aende mahakamani peke yake.

Kwa upande wa kumbukumbu, mashine wanazotumia askari sasa zimerahisisha mambo kuliko vile vitabu vya kuandika kwa mkono. Kosa likiingizwa, hutoka karatasi yenye namba ya gari, kosa lenyewe, kiasi, na namba ya malipo ambayo wengi huiita kontroli namba. Malipo hufanywa kwa simu au benki, si mkononi mwa askari. Deni hukaa kwenye namba ya gari, na likicheleweshwa huongezeka. Katibu aweza kuliangalia katika mfumo wa polisi kwa kuandika namba ya usajili tu, na inafaa alifanye hilo kila mwisho wa mwezi anapofunga hesabu. Vyama vinavyonunua gari lililotumika viangalie kabla ya kutoa fedha, kwani madeni ya mwenye gari wa zamani yataonekana juu ya namba hiyo hiyo.

Daftari la gari, lile la kuandikia kilomita na mafuta, liongezwe safu moja ya kusimamishwa: tarehe, saa, mahali, namba ya askari iliyo kwenye sare yake, kosa alilolitaja, na hatua iliyochukuliwa, hata kama ni onyo tu au hakuna kosa. Dereva aandike siku hiyo hiyo, kwa maneno machache, bila ya matusi. Daftari hilo likionyesha kwamba kasoro moja imetendewa kwa namna nne ndani ya miezi miwili, Mwenyekiti wa chama anacho cha kumpelekea Mkuu wa Usalama Barabarani wa Wilaya, na akishindwa hapo, Mkuu wa Polisi wa Wilaya. Ikiwa fedha ilidaiwa, habari hizo zipelekwe TAKUKURU, ambao simu yao ya bure ni 113. Mazungumzo ya namna hiyo ni tofauti sana na yale ya barazani ambapo kila mtu ana kisa chake na hakuna aliye na tarehe.

Limebaki jambo moja dogo linalowasumbua madereva wa njia ya kaskazini. Pale ambapo mtandao ni hafifu na mashine haikutoa karatasi, dereva huweza kuambiwa afike kituoni Kilindoni baadaye. Afike, na afike siku aliyoambiwa, akiwa na daftari lake. Asiache fedha kwa askari ili "amlipie", hata kama ni jirani yake na nia yake ni njema, kwa sababu fedha hiyo haitakuwa na namba, na katibu hatakuwa na mahali pa kuiandika.