Uingereza: Lager ya viwanda vidogo yapendwa, lakini kuingia baa ni shida

Katika baa za Uingereza, bia inayouzwa kuliko zote ni lager, ile ya rangi ya dhahabu inayonywewa baridi, ya jamii moja na Primus tunayoijua huku kwetu. Kwa miaka mingi karibu yote ilitoka kwa makampuni makubwa. Viwanda vidogo vilishughulika zaidi na ale, bia ya zamani ya Waingereza, inayotetewa tangu mwaka 1971 na chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA.

Sababu moja ni hesabu. Hamira ya lager hufanya kazi kwenye baridi, kisha bia hulazwa ndani ya tangi kwa majuma kadhaa. Ale huwa tayari mapema. Kwa mwenye matangi matatu tu, kila juma la kungoja ni pesa iliyofungwa.

Hata hivyo wako waliothubutu. Jijini London, Alastair Hook alianzisha Meantime mwaka 1999. Mwaka 2010 kikaja kiwanda cha Camden Town na lager yake, Hells. Watu wakazipenda, na wakubwa wakaona. Mwaka 2015 pekee, SABMiller ilinunua Meantime, AB InBev ikachukua Camden Town. Meantime ilipita baadaye mikononi mwa Asahi ya Japani, na mwaka 2024 kiwanda chake cha Greenwich kikafungwa, bia ikahamishiwa kiwanda kingine cha kampuni hiyo.

Ambao hawajauza wanakutana na kikwazo kingine: bomba la kaunta. Baa nyingi ni mali ya makampuni, na anayeiendesha ni mpangaji. Mara nyingi mkataba unamlazimisha kununua bia kwa mwenye nyumba, hata kama wateja wanaulizia ile ya kiwanda cha jirani. Heineken, iliyokuwa na hisa nyingi za Bralima hapa Congo, inamiliki zaidi ya baa 2000 huko.

Tangu 2016, sheria ya Uingereza na Wales inawapa wapangaji wa makampuni makubwa nafasi ya kuomba kulipa kodi ya nyumba tu na kujichagulia bia. Scotland ilipitisha sheria yake mwaka 2021: mpangaji anaweza kuomba kuuza angalau bia moja anayoichagua mwenyewe. Bomba moja si nyingi, lakini kwa kiwanda kidogo ni mlango.